Pumzi Kati ya Tatu na Nne

"Nani kajipaka dawa ya kuchua?" aliuliza mpiga solo mpya siku yake ya kwanza studio, gitaa lake likiwa bado ndani ya mfuko.

Wakatazamana. Mpiga dramu, jitu la watu lililoitwa Bonge tangu shule, akajinusa kwapa zote mbili akasema labda ni yeye, maana mwili wake ni duka, hakuna harufu isiyopatikana. Mpiga besi, waliyemwita Bubu kwa uchache wa maneno yake, akatikisa kichwa. Fundi wa kurekodi alikuwa nyuma ya kioo chake, hakusikia swali. Mwimbaji peke yake ndiye aliyeinama akajifanya anapanga karatasi, kwa sababu yeye aliisikia harufu ile tangu alipofungua mlango asubuhi, na alijua ilikuwa ya nani.

"Harufu ya zamani hiyo," alisema. "Magodoro haya yananyonya kila kitu. Toa gitaa tufanye kazi."

Magodoro yalikuwapo kweli, makuukuu, yamepigiliwa ukutani pamoja na trei za mayai ili sauti isitoke. Studio yenyewe ilikuwa chumba cha juu ya gereji ya kuziba pancha. Mlango ulivikwa blanketi, na feni ilizimwa kila walipoanza kurekodi isije ikavuma kwenye maiki, kwa hiyo watu walitoka humo wameloa kama nguo za kufua.

Dawa ya kuchua ilikuwa ya Kushoto. Huyo ndiye aliyekuwa mpiga solo wa bendi tangu inaundwa. Walimwita hivyo kwa kuwa alipiga kwa mkono wa kushoto, gitaa kalipindua, nyuzi za juu ziko chini na za chini ziko juu, na bado hakutokea wa kumfikia. Kila mara kabla ya kupiga alijichua vidole kwa ile dawa kali mpaka wenzake wakatokwa na machozi. Alikuwa fundi jamani, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na mambo yake. Akianza kupiga hakomi. Wimbo umekwisha, wenzake wanakunja nyaya, yeye yumo tu, macho yamegeuka, damu inamchuruzika vidoleni mpaka kwenye gitaa. Mwanzo walimsifia. Baadaye wakamwogopa. Mwisho wakamfukuza katikati ya albamu, na aliyelitamka neno lenyewe ni mwimbaji, maana ndiye kiongozi.

Haukupita muda mrefu, mwenye nyumba wake akamkuta amekufa kwenye kiti, kalikumbatia gitaa. Waliomwosha walisema vidole vilikuwa vimelika. Wenzake walienda kuzika, wakalia kwa haki kabisa, halafu wakarudi kwenye albamu yao iliyokwama.

Na huyu mpya? Alikuwa mdogo wake mwimbaji, tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao. Mchana alitengeneza simu kwenye kibanda, jioni alipiga gitaa uani mpaka majirani wakamzoea. Alipiga vizuri, kwa mkono wa kulia, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kushika skrubu ndogo. Mama yao alikubali shingo upande. Alimfuata binti yake mwimbaji hadi mlangoni akamshika kidevu.

"Nimekupa mzima," alimwambia. "Unirudishie mzima."

"Mama nawe! Kwani namwacha wapi? Si yuko na mimi?"

Tatizo lilikuwa kuanza. Bendi nyingine huanzishwa na mpiga dramu kwa kugonga vijiti. Hii ilianzishwa na Kushoto, kwa mdomo. Moja, mbili, tatu, kisha anavuta pumzi kidogo, hivi, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni, ndipo anasema nne. Hakumruhusu mwingine kuhesabu. Siku moja Bonge alithubutu, na Kushoto akaweka gitaa chini akaondoka bila kwaheri. Walidhani ni maringo. Miaka ikapita, miili yao ikaizoea ile pumzi, na sasa Bonge akigonga vijiti, huyu anawahi, huyu anachelewa, wimbo unaanza kama watu wanaogombania mlango.

Fundi akapata dawa. "Sauti yake ninayo humu," alisema akigonga kompyuta. "Nakata ile hesabu, naibandika mwanzo wa kila wimbo. Mtaisikia kwenye hedfoni, mtaingia pamoja kama zamani."

"Ya marehemu?" Bubu aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Sauti tu hiyo, kaka. Marehemu yuko kwake."

Mwimbaji alimtazama mdogo wake, akaitazama saa ya ukutani, akafikiria nyimbo zote zilizokuwa zikisubiri. "Weka," alisema.

"Tumemfukuza mtu tumebaki na pumzi yake," Bonge alisema, akacheka peke yake.

Wakavaa hedfoni. Moja, mbili, tatu. Ile pumzi. Nne. Wakaingia wote kwa pamoja, safi, kama hakuna aliyekufa. Na yule kijana akapiga. Alipiga vitu ambavyo dada yake hakuwahi kumsikia akivipiga uani, vidole vinateleza, nyuzi zinalia, mpaka Bubu akasahau besi yake akabaki mdomo wazi. Walipomaliza, Bonge akarusha vijiti juu.

"Shemeji! Ulikuwa umejificha wapi wewe?" Alimwita shemeji kwa kuwa alimtaka dada mtu miaka mingi bila mafanikio, na utani ulikuwa umebaki ndio posa yake.

Kijana hakucheka. Fundi alipowachezea walichorekodi, alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akamsogelea dada yake na kumnong'oneza. "Dada, huyo anayepiga ni mimi?"

"Wewe ndiye. Nani tena?"

"Sikumbuki kupiga hapo katikati."

"Wasiwasi wa siku ya kwanza," alimwambia, akampiga kofi dogo la mgongo. Mgongo ulikuwa wa baridi, na chumba kile kilikuwa joto la kuokea mkate. Akaona ni jasho.

Nyumbani mama mtu ndiye aliyeona la pili. Alimtazama mwanawe akila, akaacha kijiko chake hewani. "Mkono gani huo?"

Kijana akautazama mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika kijiko. Akakihamishia kulia polepole, na chakula cha kijiko kilichofuata kikamwagika kifuani, kama mtoto anayefundishwa kula.

"Nimechoka tu, mama."

Mama alimtazama binti yake kwa macho yale ya mlangoni.

Mwimbaji angeweza kusimama hapo. Lakini wimbo wa kwanza ulikuwa umeshapelekwa redioni, na wimbo ukawaka moto, nadhani mnajua jambo likimnyookea mtu linavyomziba macho. Kilichopendwa zaidi hakikuwa hata sauti yake. Ilikuwa ile hesabu mwanzoni. Watoto waliruka kamba kwa ile hesabu. Mafundi wa gereji chini walisukuma magari mabovu kwa ile hesabu, na wote, bila ya kufundishwa na mtu, walivuta pumzi baada ya tatu. Dada alipita katikati yao akitabasamu. Alijiona amefika.

Kijana naye alikonda. Vidole alivifunga plasta, kesho plasta zimelowa damu, anabadilisha. Kwenye kibanda chake cha simu wateja walimkuta amekaa ameinamisha kichwa, mkono wa kushoto unakuna hewa. Dada alimwona, akajiambia wamalize tu wimbo wa mwisho, kisha atampumzisha.

Wimbo wa mwisho waliurekodi mchana kweupe, jua liko utosini, chini gerejini pampu ya upepo inanguruma. Walivaa hedfoni, feni ikazimwa. Hesabu ikaja, wakaingia. Walikuwa wamefika kiitikio pale mwimbaji alipomwona Fundi nyuma ya kioo amesimama wima, anapunga mikono yote miwili kama mtu anayezuia gari. Akavua hedfoni. Bonge akaacha, Bubu akaacha. Fundi akausukuma mlango, blanketi likadondoka.

"Mmeanza na nini?" aliuliza. "Mimi sijabonyeza kitu. Umeme umekatika kwangu. Kompyuta imezima, njooni mwone."

"Tumesikia hesabu," Bonge alisema.

"Mmeisikia wapi?"

Gitaa lilikuwa bado linalia. Kijana alikuwa amewapa mgongo, amelielekea godoro la ukutani, na mlio ulikuwa unatoka kwenye spika wakati waya wa spika ulikuwa mikononi mwa Bubu, Bubu alikuwa ameung'oa na ameushika kama nyoka aliyekufa, hajui autupe wapi, na spika isiyo na waya inalia, na harufu ya dawa ya kuchua imejaa chumbani mpaka macho yanawasha, na mwimbaji anatembea kumfuata mdogo wake, akipita juu ya nyaya, akimwita kwa jina la utotoni ambalo mama yao tu hulitumia, mpaka akamfikia na kumwona gitaa amelipindua, nyuzi za juu ziko chini, mkono wa kushoto ndio unaopiga, ubao mzima umetapakaa damu, macho yamegeuka meupe, midomo inacheza, na alipomwinamia asikie anasema nini akamsikia akinong'ona moja, mbili, tatu, kwa sauti nzito ya mtu mzima waliyemzika, na ile pumzi inayofuata, ile pumzi fupi ya baridi, haikutoka kinywani mwa mdogo wake aliyekuwa mbele yake, ilimpata yeye shingoni, kwa nyuma.

Akapiga ukelele. Wote wanne wakamrukia kijana, wakamnyang'anya gitaa kwa kulivunja. Bonge alikuwa analia waziwazi, kamasi zinamtoka. Kijana akakaa sakafuni, macho yakarudi mahali pake.

"Dada, tumemaliza?" aliuliza kwa sauti yake mwenyewe. Kisha akaviona vidole vyake. "Usimwambie mama."

Aliyemleta mganga ni Bubu. Wala hawakujua kama anamjua mganga. Mganga alikuwa mama mfupi mwenye miwani na hasira za karibu, alipanda ngazi za gereji akizilaani moja moja, akaingia, akasimama katikati ya magodoro, akavuta hewa puani.

"Nani anaita humu?"

"Hatuiti mtu, bibi," Fundi alisema.

"Anaitwa mtu humu, tena kila siku. Usinidanganye, nimepanda ngazi."

Wakamweleza habari ya hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akarudia kuifuta ingawa ilikuwa safi. Hilo liliwaogopesha kuliko maneno yoyote. Akamketisha kijana, akamfunika shuka, akafukiza ubani, akamsomea sikioni. Alisoma kwa muda mrefu. Shuka likaanza kupanda na kushuka upesi upesi, na sauti ikatoka ndani yake, ya upole, ya mtu asiye na haraka.

"Mimi sikuja mwenyewe. Nimeitwa."

"Nani kakuita?"

"Wa kwanza alinijua, akaniita kwa hesabu yake nimpigie. Alijua kuniita, hakujua kunirudisha. Akaisha. Nilikuwa nimetulia. Hawa wakaniita tena, kwa sauti ileile, asubuhi, mchana. Wa kwanza aliniita mara chache. Huyu ataisha mapema."

"Muache kijana wa watu."

"Nikiitwa, napiga."

"Na usipoitwa?"

Shuka likatulia kidogo. "Nisipoitwa, sina njia."

Mganga akaushika ule mwanya hapohapo. Akasoma kwa sauti ya juu, akamgonga kijana mgongoni kwa kiganja, magodoro ukutani yakatoa vumbi, harufu ikazidi mpaka Bonge akatapika kwenye ndoo, kisha ikakatika ghafla, kama mlango umefungwa. Chini wakasikia pampu ya gereji na mtu akicheka. Kijana akaomba maji. Alikishika kikombe kwa mkono wa kulia.

"Futeni," mganga alisema akitafuta miwani yake. "Yote."

"Nitoe hesabu tu, bibi," Fundi alimsihi. "Nyimbo zibaki. Hiyo ndiyo kazi yetu yote, hatuna nyingine."

"Kilichoanzwa kwa kumwita ni chake. Na huyu kijana, akiwa ameshika gitaa, asihesabiwe tena kwa hesabu ile. Hata kwa utani. Mara hii nimepata pa kumshikia. Mara nyingine sitapanda ngazi hizi."

Fundi aliiweka mikono yake mgongoni, hakutaka kugusa. Ilibidi mwimbaji mwenyewe ainame mbele ya kompyuta. Akazifuta nyimbo zote, ule wa redioni ndio wa mwisho, na alilia, asikudanganye mtu, alilia kama siku ya msiba. Halafu akageuka akamwona mdogo wake anakunywa maji, akajifuta uso.

Alimsindikiza mganga hadi chini. Kwenye ngazi ya mwisho yule mama alisimama. "Huo wimbo wa redioni, watu wanaujua?"

"Nitaenda redioni mwenyewe, bibi. Hawataupiga tena."

"Mimi sikukuuliza redio," mganga alisema, akaondoka zake akinung'unika.

Redio walikubali. Albamu wakairudia upya, Bonge akigonga vijiti, kijana ana gitaa jipya, wanajikwaa, wanaanza tena, mpaka miili ikajifunza. Haikuwa kama ile. Ilikuwa albamu ya kawaida ya watu wazima wanne walio hai, na mwimbaji aliisikiliza kwa shukrani. Nyumbani mama alimtazama mwanawe akila kwa mkono wa kulia na kumjazia sahani bila kuombwa. Vidole vilipona, vikaacha makovu mekundu. Siku ya onyesho la kuizindua albamu dada alimtaka abaki nyumbani.

"Dada, mimi nilikuwa napiga gitaa kabla yule hajaja," kijana alimwambia. "Ukiniacha nyumbani, atakuwa amelichukua."

Akamchukua.

Onyesho lilikuwa alasiri, uwanja wa mpira, jua bado kali, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Bonge aligonga vijiti, wakaanza, na mambo yakaenda. Kijana alipiga kwa uangalifu wake wa zamani, anakosea kidogo, anajichekea, na dada yake kila akimaliza ubeti aligeuka kumtazama. Mkono wa kulia. Mkono wa kulia. Alijisikia mwepesi, hata akamrushia Bonge busu la hewani, Bonge akataka kuanguka kitini.

Kisha watu wakautaka ule wimbo.

"Leo hatuna huo," alisema kwenye maiki akicheka. "Tuna mpya!"

Wakazidi kuutaka. Walikuwa na furaha, hakuna aliyekuwa na ubaya. Mbele kabisa msichana mmoja aliyebebwa mabegani akainua kidole.

"Moja!" uwanja mzima ukasema.

"Hapana!" mwimbaji alipiga kelele. "Jamani, nyamazeni! Nawaomba! Bonge, piga!"

"Mbili!"

Bonge alizishukia dramu kwa nguvu zake zote, na dramu zote hazikuwafikia wale watu, walikuwa wengi mno, wanahesabu wakicheka, watoto mabegani, mafundi wa gereji mikono juu, na mwimbaji anakimbia kulivuka jukwaa huku maiki inamtoka, na kijana amesimama palepale na gitaa lake shingoni, mkanda umenasa kwenye kifungo cha shati, anahangaika kulivua gitaa, vidole haviwezi, anamtazama yeye, yeye tu.

"Tatu!"

"Dada," alisema. "Nishike mkono."

Uwanja wote ukavuta pumzi. Aliisikia ikipita, ya baridi, na harufu ya dawa ya kuchua ikapita nayo, juani, mbele ya watu wote wale. Akaurukia mkono wa mdogo wake, akaubana kwa mikono yake yote miwili, akaufungia kifuani kwake, na kwa muda mfupi sana akaamini amemuwahi.

Ulikuwa mkono wa kulia alioushika. Wa kushoto ulikuwa tayari umeshafika kwenye nyuzi.